Hujaulizwa Wewe

Sista Mkuu alinirudisha Gongo la Mboto kwa ajili ya alama moja ya vema. Nilikuwa nimeshafika ofisini Temeke, nimeshavua viatu, nimeshamimina chai, naye akachomoa fomu moja kati ya zile nilizoleta, akateremsha miwani puani na kusema, "Swali la kumi na moja liko wazi."

Nikamwambia labda binti aliliruka kwa bahati mbaya.

"Labda. Nenda kamuulize."

"Sista, jua hilo!"

"Na kule jua linawaka vilevile. Hutaona tofauti."

Nilikwenda. Yule binti alilisoma swali, akacheka, akaweka vema penye "hapana kabisa", kisha akaniuliza kwa huruma kama kweli hicho ndicho kilichonirudisha. Saa kumi jioni nikamkabidhi Sista Mkuu fomu yake. Hakusema ahsante. Aliichomeka kwenye faili akaendelea kutafuna kitumbua.

Nimefanya kazi na watu wengi tangu siku zile. Wapo walionidanganya, wapo walionitukana. Hakuna aliyenichosha kama mama yule.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, mitumba imejaa Buguruni, televisheni zimeanza kuonekana kwenye nyumba za wenye nafasi. Watafiti wa chuo fulani walitaka kujua kama wasichana wa sekondari za pembezoni mwa Dar wako kwenye hatari ya maradhi ya kula, yale yanayomfanya mtu ajinyime chakula mpaka aishe mwili, au ale kupita kiasi kisha aende kujitapisha. Madaktari wa kumpima kila msichana hawakuwapo, kwa hiyo walileta fomu. Ilikuwa na maswali ishirini na manne, kila swali na visanduku vitatu: "kila mara", "mara chache", "hapana kabisa". Msichana anajijazia mwenyewe, majibu yanajumlishwa, anayevuka kiwango anapelekwa kwa daktari. Sie wadodosaji tulikuwa watano, wote tumemaliza kidato cha sita na hatuna la kufanya. Sista Mkuu alikuwa muuguzi mstaafu aliyewahi kusimamia wodi, na akapewa kutusimamia sie. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za ofisi lakini hakuna aliyelitumia. Habari za kwao hakuzisema, na mie sikuthubutu kumuuliza. Yeye naye hakutumia majina yetu. Mie nilikuwa "wewe wa Buguruni" tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Alikuwa mnene, mfupi, na alitembea kwa viatu vyeupe vya wodini ambavyo alivipaka chaki kila asubuhi. Ulivisikia kabla hujamwona. Akiingia darasani alikwenda kukaa nyuma kabisa, mikono juu ya mkoba, na hapo ndipo adhabu yetu ilipoanzia. Kila ulipofungua mdomo kumweleza msichana maana ya swali, sauti ilitoka nyuma, "Hujaulizwa wewe. Kaulizwa yeye."

Hakuna siku niliyolala bila kuisikia sentensi hiyo. Msichana akisita, ukimwambia "weka tu unavyoona", unaambiwa hujaulizwa wewe. Ukicheka jibu, hujaulizwa wewe. Siku moja nilikohoa, akanitazama kwa namna ambayo nilihisi nimemfundisha mtu jibu.

Ingekuwa fomu nzuri, ningevumilia. Lakini ile fomu iliandikwa mbali na ikatafsiriwa na mtu ambaye, nadhani, hajawahi kukaa na wasichana wa Tandika. Kulikuwa na swali linalosema, "Je, hujisikia una hatia baada ya kula?" Nililisoma kwa sauti katika darasa la kidato cha pili, msichana wa mbele akanyoosha mkono.

"Chakula chenyewe cha nani, dada?"

Darasa likacheka. Nikataka kueleza kwamba si suala la wizi. Nyuma nikasikia viatu vinasogea. "Lisome lilivyo," akasema Sista Mkuu.

Nikalisoma tena lilivyo.

"Kama ni chetu, hatia ya nini?" akasema yule msichana. "Labda nimekula samaki wa baba."

Nusu ya darasa wakaweka vema penye "mara chache", kila mmoja akimkumbuka samaki wa baba yake aliyefunikwa kawa. Swali lingine liliuliza kama mtu hujificha anapokula. Msichana mmoja akaniambia kwao wako tisa, na usipojificha utaambulia kunawa mikono. Akaweka "kila mara". Wakati wa Ramadhani tulikuwa bado hatujamaliza shule mbili, na kulikuwa na swali linalouliza kama mtu hupitisha kutwa nzima bila kula huku chakula kipo. Wote wakaweka vema penye "kila mara", wengine kwa fahari.

"Sista," nikamwambia, "kwa fomu hizi Temeke nzima ni wagonjwa."

"Andika pembeni kwamba ni mwezi wa Ramadhani. Kisanduku usikiguse."

"Lakini swali ni baya!"

"Swali baya lina jibu lake. Usimpokonye mtu jibu lake."

Ndiyo mtu niliyekuwa nafanya naye kazi. Huku anatukataza kula mbele ya wasichana, ati tusiwatie mawazo, huku mkoba wake unanuka vitumbua. Alituhubiria sukari ni sumu, akaweka vijiko vinne kwenye kikombe chake. Alisema mtu mzima hapigi kelele, na mlinzi wa ofisi alimsikia kutoka getini. Ukimwonyesha hayo hakukataa. Alisema, "Umeona vizuri," akaendelea.

Zuhura nilikutana naye katika shule moja ya Temeke, kidato cha tatu. Ilikuwa baada ya Ramadhani, joto la kuyeyusha mshumaa, naye amevaa sweta la shule, mikono imefunika mpaka vidole. Alipoinuka kuchukua fomu nikaona sketi imefungwa kwa pini mbili na bado inamzunguka. Shingo yake ilikuwa mishipa tu. Uso ulikuwa mzuri na wa upole, lakini ulikuwa uso wa mtu mzima aliyeugua.

Alijaza haraka kuliko wote. Nilipoipokea fomu yake nikaipitia palepale. Hapana kabisa, hapana kabisa, hapana kabisa, mpaka chini. Haruki mlo, hajifichi, hana hatia, hajitapishi. Kwa hesabu ya fomu ile hakukuwa na msichana mzima kuliko Zuhura katika wilaya nzima.

Nje, msichana aliyekaa naye dawati moja alinifuata. "Dada, mnapima damu na nyie?"

"Hatupimi. Kwa nini?"

Akapunguza sauti. "Zuhura ana ule ugonjwa. Kikombe chake tumekitenga."

Siku zile mtu akikonda alikuwa na jina moja tu. Hakuna aliyeuliza unakula nini. Waliuliza ulikuwa na nani. Nilimwangalia Zuhura akivuka uwanja peke yake, amekumbatia madaftari, nikaona kwamba mtoto huyu atazikwa na uvumi juu yake, na sie tuna karatasi inayosema ni mzima.

Nilikwenda kwa Sista Mkuu mchana uleule. Nikamwambia kuna msichana amekwisha, fomu yake imekuja safi, tumpeleke kwa daktari.

"Amevuka kiwango?"

"Hajavuka. Lakini nimemwona kwa macho yangu."

"Hujaulizwa wewe."

Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Kisha nikafanya nilichofanya. Nilichukua fomu mpya, nikaandika namba ya Zuhura, nikaweka vema mwenyewe: "kila mara", "kila mara", "mara chache", nikachanganya ili isionekane. Nilihakikisha amevuka kiwango, tena kwa mbali. Ile ya kwanza nikaikunja nikaitia kwenye mkoba wangu.

Kesho yake asubuhi Sista Mkuu alitukusanya sote watano. Alikuwa ameshika fomu moja.

"Nani kaijaza hii?"

Akaipitisha mbele ya uso wa kila mmoja wetu.

"Mtoto huyu anaandika kwa mkono wa kushoto. Nilimwona. Vema za mtu wa kushoto zinalala huku." Akaonyesha kwa kidole. "Hizi zimelala kule. Nani?"

Nikasema ni mie. Nikasema kwa nini, na nikasema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia. Wenzangu waliangalia sakafu. Sista Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono apewe ile ya kwanza. Nikaitoa. Akaikunjua, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja, taratibu, kana kwamba ni shuka la mgonjwa.

"Sasa nyie wote mtazameni," akasema. "Huyu ndiye mtu anayejua watu wanakula nini kuliko wao wenyewe. Tungemwajiri yeye peke yake, tungeokoa karatasi."

Mmoja akacheka. Sijamsahau mpaka leo.

"Tumwache afe, Sista?" nikasema. "Tumwache afe kwa sababu kaweka vema vizuri?"

Alinitoa mashuleni wiki nzima, nikae ofisini nipange mafaili.

Ile wiki nilimchukia kwa moyo wote. Nilipanga mafaili yake kwa tarehe, akayataka kwa shule. Nikayapanga kwa shule, akayataka kwa darasa. Siku ya nne, katika faili lisilo na jina, nikakuta nakala za barua, zile za karatasi ya kaboni, zote zimeandikwa kwa mwandiko wake wa wodini. Zilikuwa zimekwenda kwa watafiti. Moja ilihusu neno hatia, kurasa tano. Nyingine ilihusu Ramadhani. Nyingine ilieleza kwamba katika nyumba ya watu tisa kujificha ni akili wala si maradhi, na ikataka swali liondolewe. Kila hoja niliyowahi kumpigia kelele ilikuwa humo, imepangwa vizuri kuliko nilivyoweza mie. Majibu yalikuwa mafupi: fomu itumike kama ilivyo.

Nikamwendea na faili mkononi. "Kumbe na wewe huitaki hii fomu!"

"Weka mahali pake."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia mngeisoma kwa kubeza. Na mtoto akisikia unabeza, anakujibu kukufurahisha." Akavua miwani, akaifuta. "Madirisha yana vumbi, wewe wa Buguruni."

Jumamosi iliyofuatia nilishindwa kutulia. Nikaulizia kwa kina Zuhura, nikaelekezwa nyumba ya vyumba vinne nyuma ya soko. Sikuwa na hakika ningesema nini. Nilipokaribia uani nikasikia sauti ya ugomvi, na moja ya sauti ilikuwa ile niliyoikimbia wiki nzima.

Sista Mkuu alikuwa amekaa chini, hana viatu vyeupe, amejitanda khanga, anagombana na mama yake Zuhura. Mama yule alikuwa akisuka mikeka ya kuuza, na Sista Mkuu alikuwa ameagiza mmoja.

"Ukingo umepinda," alikuwa anasema.

"Haujapinda, mama! Mara ya tatu hii naufumua!"

"Basi ufumue ya nne. Nitakuja tena Jumamosi."

Pembeni yao kulikuwa na sinia la mihogo ya nazi. Zuhura alikuwa amekaa karibu nalo. Sista Mkuu aliponiona hakushtuka. "Kaa," akasema, "na usilete habari za shule." Nikasema shikamoo kwa wote wawili, nikakaa, nikasikiliza habari za ukingo wa mkeka kwa saa nzima huku nikitamani kupiga yowe. Sista Mkuu hakuuliza chochote. Hakutaja ugonjwa. Wakati wa kuondoka nikamwuliza njiani amekuja mara ngapi. Akasema nchi hii ina njia nyingi, na kila mtu ana haki ya kupita anayoitaka.

Mengine nilielezwa na mama yake Zuhura baadaye. Baba wa nyumba ile alikuwa kuli bandarini, akapunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi. Miezi kadhaa chungu kiliwekwa mara moja kwa siku. Zuhura, mtoto wa kwanza, alianza kuwaachia wadogo zake fungu lake, akisema ameshakula shuleni. Kisha mama akajifunza kusuka, baba akapata kibarua kwenye duka la Mwarabu mmoja, chakula kikarudi. Zuhura hakukirudia. Mama alimwekea sahani, akaikuta kama ilivyo, au akaikuta imegawiwa. Alimpeleka kwa mganga, akapewa hirizi. Mjomba aliyekuwa amemtafutia mchumba akasikia maneno ya mtaani, akaacha kupita.

"Yule mama mnene alikuja wiki sita," aliniambia. "Nikadhani ni mwendawazimu na mkeka wake. Siku ya mwisho Zuhura mwenyewe akamwuliza, 'Bibi, unakuja kwa ajili yangu?' Akasema, 'Ndiyo.' Hakumzungusha. Zuhura akasema, 'Basi nipeleke.'"

Wakaenda hospitali wawili, asubuhi, mama akafuata nyuma na nguo. Madaktari kwanza walipima ule ugonjwa ambao kila mtu aliutaja, hawakuuona. Majirani hawakuamini majibu, lakini Zuhura alilazwa, akaanza kwa uji wa vijiko, akatapika, akaanza tena. Alipoteza mwaka wa shule. Hakuwa mzima kwa siku moja wala kwa mwaka mmoja. Lakini hakufa.

Na hapa ndipo hasira yangu inaporudi. Tulipofunga kazi na mafaili kupelekwa kwa watafiti, nilimwomba Sista Mkuu angalau aandike pembeni ya fomu ya Zuhura kwamba yuko wodini. Alikuwa ametoka kumtazama siku hiyohiyo, mkoba umejaa nguo za Zuhura za kufua. Alikataa.

"Hivyo ndivyo alivyosema siku ile," akasema.

"Alisema uongo!"

"Ndiyo. Na wao waone kwamba fomu yao inadanganyika. Ukiirekebisha, wataiamini."

Kwa hiyo katika ripoti ile, popote ilipo, Zuhura hana tatizo lolote la kula. Nimeifikiria hoja hiyo miaka mingi. Siku nyingine naona alikuwa na haki. Siku nyingine naona alikuwa mbishi tu, na akatafuta hoja.

Nilimwona Sista Mkuu tena baada ya miaka kama saba. Wakati huo nami nilikuwa nasimamia wadodosaji, na tulikuwa tumeletewa fomu mpya, fupi, ya kliniki za vijana. Nilitakiwa kuihakiki tafsiri. Nikasikia Sista Mkuu amehamia Gongo la Mboto kwa mpwa wake. Nikaenda Ijumaa baada ya sala, nimejipa moyo kwamba mie ni mtu mzima sasa.

Alikuwa amepungua, miguu imevimba kwa sukari, lakini sauti ileile. "Wewe wa Buguruni," akasema kabla sijamaliza shikamoo. "Umeleta nini?"

Nikatoa fomu. Hatujafika mbali mlango ukabishwa, akaingia mwanamke mrefu mwenye buibui, amebeba hotpoti na kapu. Ilinichukua muda kumtambua. Zuhura alikuwa fundi cherehani Tandika, na kila Ijumaa alimletea Sista Mkuu chakula. Tukasalimiana, tukashikana mikono muda mrefu. Mkono wake ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwa na joto na nguvu. Akapakua wali, samaki wa kukaanga na mchicha kwenye sinia moja, tukakaa chini watatu.

Sista Mkuu akatia tonge moja mdomoni, akaichukua fomu kwa mkono wa kushoto, akaisogeza mbali ili aone.

"'Je, unaogopa kunenepa?'" akasoma. "Nani kaandika upuuzi huu? Temeke nani anaogopa kunenepa? Watu wanakesha wakiomba wanenepe!"

"Ndivyo ilivyo katika fomu asili, Sista."

"Badilisha."

"Wewe? Wewe ndiye unayesema nibadilishe? Ulinirudisha mpaka huku Gongo la Mboto kwa swali moja!"

"Wakati ule nilikuwa na mabosi. Badilisha."

"Niweke nini?"

"Mie ndiye msimamizi? Fikiri."

Nikamtazama Zuhura, kwa kutaka shahidi wa mateso yangu. Alikuwa amefinyanga tonge dogo, amelishika, hajalitia mdomoni. Nikalitazama lile tonge. Mguu wa Sista Mkuu, ule uliovimba, ukanipiga teke pembeni ya sinia.

"Nibishie," akasema kwa sauti ya chini. "Usimtazame. Nibishie."

Nikaelewa, nimechelewa kama kawaida yangu. Nikamgeukia, nikampandishia sauti. Nikamwambia neno "kuogopa" lenyewe ni zito mno, afadhali "kuchukia". Akasema mie sijui Kiswahili. Nikamwambia yeye Kiswahili chake ni cha wodini. Tukabishana juu ya unene, wembamba, mwili, umbo, maneno yakapita juu ya sinia, na sikuthubutu kuangalia upande ule, ila nilisikia vidole vikirudi kwenye wali, mara moja, tena, tena.

"Nyie!" akasema Zuhura. "Mtagombana mpaka magharibi?"

Sista Mkuu akaishusha fomu.

"Kunenepa mie sikuogopa hata siku moja," akasema, akimchambua samaki, macho kwenye miiba. "Nilikuwa naogopa kushiba. Nikishiba nilihisi nimemnyang'anya mtu."

Mpwa wa Sista Mkuu alikuwa anafua nje, tukasikia maji yakimwagwa. Zuhura akaweka mnofu wa samaki upande wa Sista Mkuu, akajivutia wali.

"Huandiki?" Sista Mkuu akanifokea. "Au unangoja alirudie?"

Vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya samaki. Nikaichukua kalamu hivyohivyo, nikakata neno moja kwenye fomu, nikaandika la Zuhura juu yake.